Katapila na ndege za Ncha ya Kusini: kinachoshindwa kwanza si injini

SWALI: Mimi ni fundi wa mitambo mizito hapa Kigoma, niko kwenye mabuldoza na magreda ya ujenzi wa reli. Nimeona picha za buldoza likisukuma theluji kwenye kituo cha utafiti cha Ncha ya Kusini, na ndege kubwa imesimama pembeni, badala ya matairi ina miguu ya kuteleza. Kwa baridi ile diseli haigandi? Wanawashaje? Hii D6 (buldoza ya Caterpillar) tunayoitumia huku ikipelekwa kule ilivyo, itapiga kazi? Na kama ndege zinafika, kwa nini tena wanaburuta mafuta kwa matrekta kilomita zaidi ya elfu moja?

JIBU: Fundi, tuanze na D6 yako, maana ukielewa itakavyokufa, maswali mengine yanajijibu nusu. Ikishushwa kule ilivyo, na oili yake ya 15W-40 na tangi la diseli ya Kigoma, haitawaka. Ukiilazimisha ikawaka, haitaimaliza siku. Ila usidhani itakufa kwa kukosa nguvu. Injini ndiyo sehemu rahisi, kwa sababu ikishawaka inatengeneza joto lake yenyewe. Zinazosumbua ni zile sehemu zisizo na joto lake: hozi, sili, pini, betri, gia za mwisho, kebo. Fundi wa kule kazi yake kubwa ni kupeleka joto mahali ambapo injini haifikishi.

Mazingira yenyewe kwanza. Kituo cha Amundsen-Scott, cha Marekani, kimekuwepo pale tangu msimu wa 1956 na 1957. Kimekaa mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, na karibu urefu wote huo ni barafu. Wastani wa joto kwa mwaka ni kama nyuzi 49 chini ya sifuri. Desemba na Januari, ambazo kule ndiyo kiangazi, hucheza kati ya -25 na -30. Siku ya joto kuliko zote zilizowahi kupimwa ilikuwa Desemba 2011, nyuzi -12.3. Ya baridi kuliko zote ilikuwa Juni 1982, nyuzi -82.8. Kazi nzito ya mitambo hufanyika kuanzia Novemba hadi katikati ya Februari. Baada ya hapo ndege huondoka, na waliobaki wanabaki na mtambo mmoja mmoja wa kuchotea theluji na kusukuma masanduku.

Wengi hudhani injini itakosa pumzi kwa sababu ya mwinuko. Piga hesabu uone. Shinikizo la hewa pale kiangazi ni kama hektopaskali 690, na kwa nyuzi -28 mita moja ya ujazo wa hewa ina uzito wa karibu kilo 0.98. Tabora iko chini zaidi, kama mita 1,190, lakini mchana wa Oktoba joto likifika nyuzi 32 hewa yake nayo ina kama kilo 1 kwa mita ya ujazo. Tofauti ni ndogo mno. Baridi inarudisha kile ambacho mwinuko umekichukua, na majira ya giza, kwenye -60, hewa ya Ncha ya Kusini inakuwa nzito kuliko ya Tabora. Injini yenye turbo haitoi jasho kwa hilo.

Tatizo liko kwenye kuwasha. Diseli haina plagi ya cheche, inategemea hewa ipate moto kwa kugandamizwa. Chukua injini ya mgandamizo wa 16 kwa 1. Hewa ikiingia na nyuzi 27, mwisho wa mgandamizo inafika kati ya 350 na 400 hivi, na mafuta yakipulizwa yanashika mara moja. Hewa hiyohiyo ikiingia na -40, inaishia kwenye 230 au pungufu, kwa kuwa kuta za silinda nazo ni barafu na zinanyonya joto. Hapo uko ukingoni kabisa mwa joto la kuwakia diseli. Wakati huohuo stata inazungusha taratibu kwa sababu oili imekuwa kama lami na betri imechoka. Kila kimoja kinamwangusha mwenzake.

Tuje kwenye diseli. Ndiyo, inaganda, na haisubiri -50. Diseli ya nchi za joto huanza kutoa chembe za nta hata kabla ya kufika sifuri. Nta inaziba filta kwanza, kisha tangi zima linakuwa uji. Kwa hiyo kule hawatumii diseli. Buldoza, jenereta, matrekta na ndege zote zinakunywa mafuta ya aina moja, mafuta ya taa ya ndege yaliyosafishwa zaidi, yanaitwa AN8. Huganda kwenye -58. Mafuta ya kawaida ya ndege za abiria, Jet A-1, huganda kwenye -47, na hayo hayatoshi.

Aina moja ya mafuta inarahisisha uhifadhi, lakini ina gharama ambayo wewe utaiona kwenye pampu ya nozeli. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri kama diseli. Pampu za kizamani, hasa za mzunguko, zinazotegemea mafuta yenyewe kulainisha vyuma vyake vya ndani, husagika mapema usipotia dawa ya kulainisha. Tena ni mepesi, lita moja ina uzito na nguvu pungufu kidogo, kwa hiyo mtambo utapoteza nguvu asilimia chache na hakuna ubovu wa kuutafuta. Anayeanza kufungua nozeli kwa sababu hiyo anapoteza siku.

Na majira ya giza, hewa ikiwa -70, hayo ya -58 hayagandi? Hapa wamecheza na jambo zuri. Matangi makuu ni 45, kila moja galoni 10,000, na yamo ndani ya handaki la chuma lililofukiwa na theluji. Chini ya theluji baridi haipandi wala kushuka sana, inakaa karibu na wastani wa mwaka. Kwa hiyo juu kukiwa -75, mafuta chini yako kwenye -50 hivi na bado yanatiririka.

Oili inataka uangalifu zaidi. Ile namba ya mbele kwenye galoni, watu huku hawaitazami kwa sababu haituhusu sana, ila kule ndiyo uhai. 15W imepimwa ikae sawa kwa kuzungushwa hadi -20 na kuvutwa na pampu hadi -25. 0W imepimwa kwenye -35 na -40. Hakuna namba iliyo chini ya hapo. Maana yake kwenye -50 hata 0W-40 ya sintetiki, iliyo bora kuliko zote dukani, ni lazima ipashwe moto kabla ya kugusa ufunguo. Grisi ni hivyohivyo. Ile ya lithiamu ya kawaida inakuwa ngumu kama sabuni, bearingi inazunguka kavu ndani ya grisi yake yenyewe.

Kulanti, yaani maji ya kupoozea injini, nayo ina mtego wake. Fundi akisikia baridi kali anataka aweke glaikoli tupu, bila maji. Asithubutu: glaikoli tupu huganda kwenye -13 tu. Nusu kwa nusu na maji inafika -37. Sita kwa nne, glaikoli ikiwa nyingi, inafika kama -52. Ukipita kiasi cha saba kwa tatu unaanza kurudi juu. Ipime kwa kipimo cha lenzi, usiamini kilichoandikwa kwenye ndoo.

Betri ya asidi kwenye -18 inabaki na nguvu ya kuwasha isiyofika nusu, na kule -18 ni joto la sikukuu. Betri iliyojaa, asidi ikisoma 1.280 kwenye kipimo cha uzito wake, haigandi hadi kama -65. Ikishuka hadi 1.150 huganda kwenye -15, na sanduku linapasuka. Kwa hiyo betri iliyolala nusu usiku mmoja nje ni chuma chakavu asubuhi. Dawa ni blanketi la umeme chini yake, au kuitoa kabisa na kulala nayo ndani.

Sasa kuwasha kwenyewe. Tuchukue buldoza lililolala nje usiku mzima kwenye -45 bila kuchomekwa umeme, hali mbaya ambayo hata hivyo hutokea. Husogelei na ufunguo. Unafunika boneti lote kwa turubai hadi karibu na ardhi, unaingiza chini yake bomba pana la kitambaa linalotoka kwenye hita ya hewa moto, na unaelekeza mdomo wake kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, si kwenye kichwa cha injini. Joto hupanda lenyewe. Unasubiri. Ni suala la saa kadhaa, na anayeharakisha kwa kusogeza mdomo wa bomba karibu zaidi ataunguza waya na kuyeyusha hozi upande mmoja huku upande wa pili ukiwa bado barafu. Bomba la pili, kama lipo, linakwenda kwenye tangi na pampu ya haidroliki.

Kabla ya stata, injini inazungushwa kwa mkono kwa wenzo, walau mizunguko miwili. Ikikataa, bado. Kuna maji yameganda mahali, au oili haijalainika, na stata ikilazimishwa itavunja meno ya flaiwili. Etha ya kupulizia ni ya mwisho kabisa, na haigusani kamwe na mtambo wenye hita ya hewa kwenye manifoldi au hita plagi zilizowaka. Italipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pete za pistoni, ukiwa na bahati. Bila bahati ni manifoldi usoni.

Ikiwaka, macho kwenye geji ya oili. Sekunde 10 hadi 15 bila presha, zima. Pampu inavuta hewa kwa sababu oili iliyo mbali na hita bado ni nzito. Presha ikija, usiiache kwenye mzunguko mdogo kabisa kama tunavyozoea. Kwenye baridi ile injini isiyo na mzigo haipati joto hata ikinguruma saa zima. Mafuta yasiyoungua yanaosha kuta za silinda, yanashuka sampuni, yanachanganyika na oili, na moshi mweupe wenye unyevu unajaza eksozi. Peleka kwenye mizunguko 1,000 hadi 1,200 kwa dakika, funika rejeta kwa mbele, uipe dakika 20 au 30.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho kimeua injini nyingi za nchi za baridi: bomba la pumzi la sampu. Gesi inayopenya pistoni ina mvuke. Ikitoka kwenye kibomba kile na kukutana na -45, mvuke unaganda mdomoni na kujijenga kidogokidogo hadi unaziba. Presha ndani ya sampu haina pa kutokea, inasukuma sili ya nyuma ya krenki, na ghafla lita 20 za oili ziko juu ya theluji. Fundi asiyejua anabadilisha sili, anaondoka, na wiki ijayo anaibadilisha tena. Kibomba kinatakiwa kifupishwe, kivikwe, na kipite karibu na eksozi.

Haidroliki ndiyo inayodanganya zaidi. Injini ina joto, geji zote ziko kijani, dereva anavuta wenzo wa bledi, lile bamba la mbele la kusukumia. Kilichomo ndani ya hozi za bledi ni oili iliyokaa nje usiku kucha, haijasogea. Pampu inasukuma, oili haiendi, presha inapiga kilele, na hozi inapasuka, au oringi iliyokuwa imekauka inang'oka kipande. Upande wa kuvuta pampu inakosa oili na kuanza kutafuna vipovu. Utaisikia inalia kama inasaga kokoto. Kwa hiyo bledi inainuliwa sentimita chache, inashushwa, inainuliwa tena, taratibu, bila kufika mwisho wa silinda, hadi oili ya moto izunguke yote. Sili nazo huchaguliwa. Mpira mweusi wa kawaida huanza kukakamaa kati ya -30 na -40. Ule wa kahawia tunaousifu kwa kuvumilia joto, Vaitoni, ni dhaifu zaidi hapo, wengi wake hukakamaa kwenye -20 tu. Silikoni inafika -60 lakini haipendi kusuguliwa, ni ya mahali pasipotembea. Usichukue seti ya sili za ghali ukadhani ghali ndiyo sahihi.

Gia za mwisho na roli za chini hazina hita kabisa. Unaenda mita mbili mbele, mita mbili nyuma, gia ya kwanza, mara kadhaa. Na kabla ya hapo hakikisha cheni hazijashikana na ardhi. Mtambo uliosimamishwa ukiwa na moto huyeyusha theluji chini yake, kisha inaganda na kuushika. Ndiyo maana hupaki juu ya mbao, na dereva hupiga theluji yote kwenye cheni kwa sululu na koleo kabla hajaenda kula. Ikishashikwa, anayejaribu kuing'oa kwa kurukisha klachi anaitafuta pini ikatike, kwa sababu chuma cha kawaida kwenye -50 hakipindi. Kinakatika kama glasi, bila onyo: bolti za meno ya ndoo, pini za kuvutia tela, masikio ya kunyanyulia. Vipuri vya kazi hiyo hutengenezwa kwa chuma chenye nikeli kidogo kilichopimwa kwa nyundo kwenye baridi, na mahali pa kuchomelea hupashwa moto kwanza, la sivyo welding inapasuka pembeni ikipoa.

Jambo lingine linalokwenda kinyume na silika ya fundi: usiingize mtambo wa baridi kwenye gereji yenye joto ukautoa baada ya nusu saa. Mvuke wa gereji unaganda juu ya kila kitu, unayeyuka, unaingia kwenye soketi za umeme na breki, ukitoka nje unakuwa barafu ndani ya soketi. Ukiingiza, acha ukauke kabisa, masaa mengi, au usiingize.

Kwa hiyo D6 yako inawezekana, ila ukiibadilisha oili zote tano, grisi, kulanti, sili na hozi, kebo za umeme (plastiki ya kawaida ya waya inapasuka ukiikunja), betri, ukaifunga hita nne za umeme, ukaipa kabini yenye vioo viwili-viwili, na ukaweka cheni pana. Hapo cheni si anasa. Theluji ya juu pale ina uzito wa kilo 350 hadi 450 kwa mita ya ujazo, haina ushikamano wa udongo. Mabuldoza ya D8 yaliyopelekwa Antaktika miaka ya 1950 yalitengenezwa na cheni pana na ndefu maalumu ili uzito usambae. Cheni nyembamba za kwetu zingejichimbia kaburi.

Jenereta nitalipita haraka: kituo kina tatu za Caterpillar za kilowati 750, moja inafanya kazi, nyingine zinasubiri, na joto la kulanti na eksozi linapelekwa kupasha nyumba na kuyeyusha barafu kuwa maji ya kunywa. Hakuna lita inayochomwa kwa kazi moja tu.

Ndege uliyoiona ni LC-130 Hercules. Injini nne za Allison T56, na skii zilizofungwa kwenye magurudumu: za nyuma zina urefu wa karibu mita 6, ya mbele mita 3, chini zimepakwa Tefloni. Inaruka kutoka kituo cha McMurdo, pwani, kilomita 1,350 hivi, saa tatu kwenda. Zinaendeshwa na kikosi cha 109 cha jeshi la akiba la anga la jimbo la New York. Kila kipande cha kituo cha sasa, kilichozinduliwa Januari 2008, kililazimika kuingia kwenye tumbo la ndege hiyo. Zilihitajika safari 925. Wewe uko Kigoma, unaielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Meli ya Liemba ilifika hapo kwa utaratibu uleule, imefunguliwa Ujerumani, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa meli na reli, ikafungwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Mhandisi hupima kwanza mlango wa chombo cha kubeba, ndipo anachora kipuri.

Hercules ikitua Ncha ya Kusini haizimi injini. Mafuta yanachotwa kutoka kwenye matangi ya mabawa, mizigo inateremka, propela zinazunguka. Ikizima na stata ikagoma, au sili moja ya propela ikakakamaa, ndege ya mamilioni inakuwa kontena. Mara nyingine haisimami hata kidogo. Mlango wa nyuma unafunguliwa, ndege inasogea mbele, paleti zinateleza zenyewe na kubaki zimepangwa mstari kwenye theluji. Sababu nyingine ya kutosimama ni skii. Zikitua zimepata moto kwa msuguano, zikisimama utando wa maji chini yake unaganda na kuzishika. Rubani hujisogeza, huzungusha pua kushoto na kulia ili kuzing'oa.

Kuruka ndiko kugumu zaidi. Ndege ya kwanza kabisa kutua pale, Dakota ya jeshi la maji la Marekani, ilitua tarehe 31 Oktoba 1956 kwenye nyuzi -50, ikakaa dakika 49, na skii zikashikwa. Iliwabidi walipue roketi zote 15 zilizofungwa ubavuni ndipo ikaachia. Hercules nayo kwa miaka mingi ilibeba roketi nane, nne kila upande, kwa siku ambazo theluji inakataa kuachia. Propela mpya za majani manane zimezifanya roketi zisihitajike sana. Njia ya kurukia ina urefu wa mita 3,650 hivi, na bado ndege iliyojaa huweza kukimbia yote isifikie mwendo, ikarudi mwanzo, ikapunguza mafuta, ikajaribu tena.

Sababu ni kwamba theluji ya baridi kali haitelezi. Kwenye nyuzi -5 skii hupita juu ya utando mwembamba wa maji unaotengenezwa na msuguano. Kwenye -40 utando hautokei, na unaburuta chuma juu ya chembe kavu ngumu kama mchanga wa Kibirizi hapo Kigoma. Shika hilo, maana ndilo linaloamua pia habari ya matrekta.

Kuna mpaka wa baridi: chini ya -50 hadi -55 Hercules haiendi. Mafuta na haidroliki vinakaribia kikomo, usukani wake unategemea haidroliki, na moshi wa injini unaganda hewani kuwa ukungu unaoziba njia ya kutua. Kwa hiyo kuanzia katikati ya Februari hadi mwisho wa Oktoba kituo kiko peke yake. Dharura kubwa ikitokea, inakuja ndege ndogo kuliko unavyodhani: Twin Otter, ile ambayo Air Tanzania waliwahi kuitumia kwenye viwanja vya mikoani. Juni 2016, katikati ya giza, ilitoka kituo cha Rothera cha Uingereza, ikaruka kilomita 2,400 kwa saa kama 10, ikachukua wagonjwa wawili na kurudi. Inaweza kwa sababu ni rahisi: usukani unavutwa na kebo, miguu haikunjwi, haidroliki ni kidogo mno, na injini mbili ndogo unaweza kuzivika mablanketi na kuzipulizia hewa moto usiku kucha ukiwa na watu wawili na hita moja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwamba kwenye baridi, ndege au mtambo wenye sili chache ndio mtambo bora, hata kama kijitabu cha mwenzake kina namba kubwa zaidi.

Sasa kwa nini matrekta. Piga hesabu tena. Hercules inachoma zaidi ya tani 2 za mafuta kwa saa. Kwenda na kurudi saa sita, tani 12 na zaidi. Mzigo unaofika ni kama tani 11 au 12. Yaani ukipeleka mafuta kwa ndege, unachoma lita moja hivi ili kufikisha lita moja. Na siku za kuruka ni chache, hali ya hewa inakula nyingine, na kila ndege iliyobeba mafuta haikubeba vifaa vya utafiti.

Ndipo wakakata njia ya ardhini, kilomita 1,600 kutoka McMurdo, ndefu kuliko reli ya kati kutoka Dar hadi kwako. Kazi ilianza 2002, msafara wa kwanza ukafika Ncha ya Kusini Desemba 2005. Karibu na mwanzo kuna kilomita kama 5 ambapo barafu mbili zinasuguana na kupasuka. Nyufa zaidi ya 30, nyingi zimefunikwa na daraja la theluji lisiloonekana, zilibidi zitafutwe, zilipuliwe wazi na kujazwa theluji kwa buldoza. Mbele ya msafara hutangulia gari jepesi lenye antena ya rada kwenye mkono mrefu, na dereva wake hutembea polepole kiasi kwamba rada ikiona shimo awe na nafasi ya kusimama. Barafu inaendelea kutembea, kwa hiyo kipande hicho hukaguliwa upya kila mwaka.

Matrekta ni ya shambani, Challenger na Case Quadtrac, yenye mikanda ya mpira mahali pa magurudumu. Mwanzoni walivuta matangi ya chuma juu ya skii, na kwenye nyanda za juu yakazama, yakakwama, ikabidi msafara ugawanywe na kurudiwa mara mbili. Suluhisho lilikuwa la bei rahisi kwa kushangaza: karatasi la plastiki ngumu ya poliethilini, unene wa sentimita 1 na robo, limelazwa moja kwa moja juu ya theluji, na juu yake vibofu vya mafuta, kila kimoja galoni 3,000, lita 11,000 na ushei. Hakuna fremu wala chasisi. Uzito unatawanyika, plastiki haikatiki kwa baridi, inajikunja kufuata matuta, na kwa kuwa haipitishi joto kama chuma, ule moto mdogo wa msuguano unabaki chini yake na kulainisha njia. Hata rangi ina kazi, kwani kibofu cheusi kinapata jua saa 24 na kinaburutika kwa wepesi zaidi. Safari ya kwenda ni wiki tatu hadi nne. Wafaransa na Waitaliano wana msafara kama huo kwenda kituo cha Concordia, kilomita 1,100 kutoka pwani, mita 3,233 juu, nao pia kwa Challenger.

Kwenye msafara, kinachomnyima fundi usingizi ni kimoja: mkanda wa mpira uliokatika kilomita 800 kutoka kokote. Hubebwa wa akiba, na roli za akiba, na hubadilishwa nje, kwenye -30, na watu wanaopokezana kila dakika chache kwa sababu vidole haviwezi kushika nati bila glavu. Spana inayogusa ngozi hapo inaondoka nayo.

Mwisho, hukuuliza wazi lakini najua uliwaza: nafasi ya fundi Mwafrika ipo? Nchi pekee ya Afrika yenye kituo Antaktika ni Afrika Kusini, kinaitwa SANAE IV, kimejengwa juu ya mwamba karibu kilomita 170 kutoka ukingo wa barafu, na timu inayokaa mwaka mzima huwa na mafundi wa diseli. Wanachukua raia wao. Nchi nyingine nazo huajiri mafundi wa mitambo mizito kwa mkataba wa msimu, kwa masharti ya uraia au kibali cha kazi ya kila moja. Wanachokipima ni kama unaweza kusoma michoro ya haidroliki na ya umeme bila kubahatisha, kuchomelea, na kutengeneza kitu bila kusubiri spea, kwa sababu hakuna duka. Hilo la tatu huku Kigoma umeshalifanyia mazoezi ya kutosha.

Na kitu kimoja kitakachokushangaza siku ya kwanza: chini ya kila mtambo uliosimama kuna trei ya kukingia matone. Kwa Itifaki ya Madrid ya 1991, mkataba wa kulinda mazingira ya Antaktika, oili chafu haimwagwi wala kuchomwa shimoni. Inawekwa kwenye mapipa, inapewa lebo, inasafiri kwenye ndege au sleji zilezile zilizoleta mafuta, hadi pwani, hadi melini, hadi nje ya bara. Theluji iliyolowa oili nayo inachotwa kwa koleo na kuingia pipani. Kwa hiyo ile sili ya krenki niliyokueleza, lita 20 zikimwagika, kazi ya kuibadilisha ni nusu siku na kazi ya kuchota theluji inamaliza iliyobaki.